Yule mcheza kamari wa Kenny Rogers alikufa au alilala tu? "Broke even" maana yake nini hasa?

#1 Mtoto wa Dereva
Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa kitu, nimekibeba miaka thelathini na ushee. Mzee wangu aliendesha basi Tanga–Dar kuanzia miaka ya themanini, na ndani ya basi kulikuwa na kaseti tatu tu: ya taarab, ya Jim Reeves, na ya Kenny Rogers ambayo redio ilishaila mara mbili ikaungwa kwa selotepu. Likizo nilikuwa nasafiri naye, nakalishwa juu ya boneti pembeni ya gia. Sasa wimbo wa The Gambler, ule wa mzee mcheza kamari anayempa kijana ushauri ndani ya treni ya usiku, ukifika mwishoni, pale anaposema "the gambler, he broke even", mzee anainua kidole kimoja toka kwenye usukani, haongei, anainua tu halafu anakirudisha. Kila safari. Nikajua hapo pana neno zito. Nilipofika form two nikafungua kamusi: "broke" kuvunjika, au kufilisika. "Even" hata, au namba shufwa. Kwa hiyo nikapata "alivunjika hata" na "alifilisika kwa shufwa". Nikaachana nayo. Juzi nimeusikia kwenye baa, swali limerudi upya. Huyu jamaa alikufa, alifilisika au alilala?

#2 Kahawa Chungu
"Alifilisika kwa shufwa" hahahaha. Na mwingine atafilisika kwa witiri. Nakaa hapa, uzi huu una harufu nzuri.

#3 Mwl_Kipanga
Alikufa. Mtunzi kakificha kifo, ndiyo ufundi wenyewe. "Break even" ni lugha ya biashara, ulichoingiza kimelingana na ulichotoa, hakuna faida hakuna hasara. Binadamu anakuja mikono mitupu, anaondoka mikono mitupu. Mzee kavuta sigara yake, kaizima, kageukia dirishani, na huko gizani akafunga hesabu na dunia, hadai hadaiwi. Na mstari unaofuata unazungumzia "final words", maneno ya mwisho. Sasa maneno ya mwisho huwa ya nani kama si ya maiti?

#4 Konda Mstaafu
Mwalimu umeeleza vizuri ila kwa Kiswahili cha barabarani ni rahisi zaidi. Umeamka saa kumi alfajiri, umepiga trip mpaka saa nne usiku, hesabu ya tajiri imetimia, mafuta yamelipwa, trafiki kapata chake, unaingiza mkono mfukoni unakuta tiketi za jana. Hiyo ndiyo broke even. Nimeifanya miaka kumi na moja na sijafa.

#5 shupaza
Kabla hamjamzika mtu, huo wimbo ni wa poker na maneno mengi mle ni ya mezani, ukitafsiri neno kwa neno unaumia. Mfano "every hand's a winner": nina rafiki aliandika status "kila mkono ni mshindi" akapata likes za kutosha. "Hand" pale ni karata zote ulizogawiwa, zile ulizozishika. Anachosema ni kwamba karata hizohizo zinaweza kukupa au kukunyima, inategemea unachezaje. "Hold" ni kuzishikilia, kuendelea na mchezo. "Fold" ni kuzilaza kifudifudi na kujitoa, ulichokwisha kuweka mezani kimekwenda lakini huongezi kingine. "Dealing" ni kugawa karata. Na "ace" ni ree jamani, ree tunayoijua wote, ya shupaza au ya kopa. Kwa hiyo "an ace that I could keep" ni ree unayoondoka nayo, wakati kwenye mchezo wa kweli hakuna anayeondoka na karata, zinarudi zote kwenye pakiti. Hapo ndipo utamu ulipo.

#6 NjoroNaks
Sasa nyinyi. Huku Kenya hizi ngoma za country hazijawahi kuisha, Jumapili jioni ukiingia baa yoyote huku kwetu Nakuru unapata wazee wamefunga macho wanaimba na Kenny, na one man guitar wa mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu, naye lazima aweke mbili tatu. Na mimi nawaambia huyo mtu hakufa. Wimbo unasema waziwazi "faded off to sleep". Sleep ni kulala. Amekunywa whisky ya wenyewe, amevuta sigara ya wenyewe, amelala. Final words ni zile za mwisho kabla alale, mbona mnaharakisha matanga?

#7 Mwl_Kipanga
NjoroNaks, na sisi tunasema "amelala usingizi wa milele", utasema kalala tu? Halafu mwenyewe dakika chache kabla kasema kitu bora unachoweza kuomba ni kufa usingizini. Kasema, kisha kalala. Mtunzi anakupa kufuli na ufunguo, wewe unasubiri hodi.

#8 bibie_makorora
Mimi naona wote mmepita njia kuu, njoeni uchochoroni. Angalieni biashara iliyofanyika mle ndani ya treni. Mzee anamwambia kijana, nionjeshe whisky yako nikupe ushauri. Kijana anampa chupa, mzee anamaliza tone la mwisho, halafu anampiga mzinga wa sigara na kiberiti juu. Kisha anatoa ushauri. Kapokea, kalipa. Ndiyo broke even hiyo, hakuna anayemdai mwenzie. Kufa au kulala ni lake na Mungu wake.

#9 Konda Mstaafu
Bibie hii sikuwahi kuiwaza, nimeinuka kitini.

#10 Kahawa Chungu
"Kumpiga mzinga wa sigara" ni tafsiri bora kuliko kamusi zote za OP, mwenye uzi. Maana kwa Kiingereza wanasema "bummed a cigarette" na "asked me for a light", namuona OP form two anaandika kwenye daftari "akamwomba taa".

#11 Mtoto wa Dereva
Niliandika taa kweli. Nikajiuliza taa ya nini ndani ya treni.

#12 Mjukuu wa Chifu
Kenny Rogers alikuwa mcheza kamari mwenyewe, ndiyo maana aliutunga huu wimbo mwaka 1982 baada ya kufilisika. Yeye ndiye anayejua, na bahati mbaya alifariki 2017 hatuwezi kumuuliza.

#13 Nanga
Mjukuu, kila namba uliyoweka imekaa upande. Hakuutunga yeye, kautunga Don Schlitz mwaka 1976 akiwa kijana wa miaka 23. Kenny kaurekodi 1978, na hata hakuwa wa kwanza, Bobby Bare aliurekodi kabla yake, na Johnny Cash naye ana toleo lake la 1978 hiyohiyo. Kenny kafariki tarehe 20 Machi 2020 akiwa na miaka 81. Kwa hiyo mtu aliyeandika wasia wa mzee aliyechoka alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijakomaa.

#14 Mjukuu wa Chifu
Sawa mkuu nimekubali, lakini 2020 si mbali na 2017.

#15 Lori la Ohio
Salaam kutoka huku Marekani, naendesha lori. Nimesoma uzi wakati napakua mzigo nikaona niulize wenyewe. Wa kwanza mzee wa ghalani, ana miaka sitini na kitu, akaniangalia kama nimeuliza jua linatoka wapi, akasema "alikufa, kila mtu anajua alikufa". Wa pili dada wa ofisini anayetupangia safari, akasema hajawahi kuwaza, yeye anaimba tu kiitikio. Wa tatu dereva mwenzangu akasema hapana, broke even ni broke even, wiki hii yeye mwenyewe ka-break even baada ya kulipia dizeli na matairi. Kwa hiyo hata wenye lugha wako tatu kwa tatu tofauti. Na kwa matumizi ya kila siku yuko sahihi Konda, hakuna mtu huku anasema fulani ka-break even akimaanisha msiba. Ni ndani ya huo wimbo tu.

#16 shupaza
Hapo umemaliza nusu ya ubishi. Neno lina maana yake ya sokoni, wimbo unaliazima. Kama sisi mtu akisema "kakata kamba", kamba ya mbuzi ipo na kamba ya roho ipo.

#17 NjoroNaks
Naomba tuongelee Lucille, ule wimbo mwingine wa Kenny wa mke anayemkimbia mume. Mimi hadi nikiwa na miaka kama ishirini na tano nilikuwa naimba kwa sauti kubwa mbele ya watu "with four hundred children". Watoto mia nne. Na nilikuwa naona sawa, nikasema huyo mwanaume ni kama yule mzee wa kijiji fulani huku kwetu.

#18 Kahawa Chungu
Watoto mia nne na shamba halijavunwa, ndiyo maana Lucille kakimbia.

#19 bibie_makorora
Ni "four hungry children" wapendwa, watoto wanne wenye njaa. Ila lililonisumbua mimi kwenye Lucille ni "you picked a fine time to leave me". Nikasema mbona huyu mume anampongeza, umechagua wakati mzuri wa kuniacha. Kumbe ni kejeli. Na kejeli hiyo tunayo, sikuitambua tu kwa sababu imevaa Kizungu. Mama yangu ukidondosha glasi jikoni hasemi "umekosea", anasema "haya, vizuri sana, na ile nyingine ipo kabatini, ivunje tusibaki na deni". Sauti iko chini kabisa, na hapo ujue umekwisha. Fine time ndiyo hiyohiyo, ukiisoma bila sauti ya mama huielewi.

#20 Nanga
Nyongeza ndogo, mama mzazi wa Kenny Rogers jina lake Lucille, na kwao walizaliwa wanane. Wimbo haukumhusu mama huyo, lakini fikiria unavyosikika nyumbani.

#21 Mjukuu wa Chifu
Na pale mwanzoni wako Toledo mbele ya bohari, bohari ya nini?

#22 Lori la Ohio
"Depot" pale ni stesheni ya treni mkuu, si bohari ya soda. Toledo iko hukuhuku Ohio, nimepita mara nyingi. Na ile "she took off her ring" mnaielewa? Kavua pete ya ndoa akiwa kaunta, maana yake kafungua duka. Mwenye wimbo anaona hiyo pete kabla hajasogea kuongea naye, halafu mume anatokea ana mikono ya mkulima imekufa ganzi kwa sugu, jamaa anamuogopa kumbe mwenzie kaja kulia tu.

#23 Nanga
Mimi kilichonichukua muda ni Coward of the County, nao wa Kenny. Mle wanasema kijana anaitwa Tommy lakini watu wanamwita "yellow". Mtaani kwetu tulikubaliana kabisa kwamba Tommy ni mweupe sana, maji ya kunde iliyopitiliza, na ndiyo maana wanamuonea. Mpaka kuna binamu alijipa jina la Yellow kwa sifa! Kumbe kwa Kiingereza njano ni rangi ya uoga. Binamu alitembea na jina la Mwoga miaka minne, limeandikwa mpaka kwenye madigadi ya baiskeli.

#24 Konda Mstaafu
Hahahaha nimemhurumia binamu. Lakini kwa nini njano? Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kifaranga.

#25 Mwl_Kipanga
Wapo wanaohusisha na nyongo, kwamba mwoga tumbo lake limejaa nyongo ya njano. Ndiyo maana kuna tusi la "yellow belly".

#26 shupaza
Kifaranga kina mantiki pia, maana mwoga wao wanamwita "chicken". Sisi uoga tumempa kunguru, na kunguru ni mweusi na kola nyeupe. Kila kabila na ndege wake.

#27 NjoroNaks
Kunguru mwoga lakini ndiye anazeeka na mbawa zake, si ndio. Hata babake Tommy alimwambia asigombane, ukigeuza shavu la pili si udhaifu. Hiyo haikunisumbua, tulisoma Mathayo Sunday school.

#28 Zuhura wa Kilimani
Mimi huwa nasoma tu siandiki ila huo wimbo acheni niseme. Tuliucheza kwenye send-off ya dada yangu, watu wazima wanarusha mikono. Mpaka mwaka juzi nimekaa peke yangu nasikiliza kwa earphone nikafika pale kwenye wale ndugu wa ukoo wa Gatlin na Becky, "they took turns". Nilikuwa najua "take turns" ni kupokezana, watoto wanapokezana bembea. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Wako watatu. Nikaelewa ni nini kilimpata yule dada, na kwa nini Tommy alifunga mlango. Nikavua earphone nikaziweka mezani. Kumbe tumeucheza na keki tumekata.

#29 Kahawa Chungu
Dah.

#30 bibie_makorora
Pole Zuhura. Ila ndivyo wanavyofanya watunzi, neno jepesi la watoto kabebeshwa jambo ambalo ukilitaja kwa jina redio haitaupiga. Kwenye taarab si hivyohivyo, mtu anaimba embe, dodo, chungu na mwiko, na wamama wanatunza huku wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Mgeni akikaa pale ataandika daftarini "wimbo huu unahusu matunda".

#31 Mjukuu wa Chifu
Tukitoka huko, No Woman No Cry ya Bob Marley. Hii haina ubishi, bila mwanamke hakuna kulia. Ndiyo falsafa yangu, na bodaboda yangu imeandikwa hivyo nyuma. Wimbo wa 1980 huo, kabla hajafa.

#32 Nanga
Mjukuu leo umeamkia upande gani? Upo kwenye albamu ya Natty Dread ya 1974, na lile toleo la ukumbini ambalo wote tunalijua limerekodiwa Lyceum, London, 1975. Na mtunzi aliyeandikwa ni Vincent Ford, rafiki yake wa Trench Town pale Kingston, aliyekuwa anapika chakula na kulisha watu mtaani kwao. Na maana siyo hiyo. Kwa patwa ya Jamaika ile "no" ya pili ni "nuh", yaani usi. "Hapana mwanamke, usilie." Anambembeleza mtu. Ukisikiliza wimbo mzima, yuko anamwaga yote, marafiki waliopotea, uji wa unga wa mahindi waliogawana usiku, moto uliokesha, halafu anasema kila kitu kitakuwa sawa. Mtu anayesherehekea kukosa mwanamke hawezi kuimba hivyo.

#33 bibie_makorora
Na "government yard" si bustani ya ikulu. Ni kota za serikali, vyumba vinazunguka ua mmoja, jiko la kushea, bomba la kushea, kila mtu anajua mwenzie kapika nini. Nimelelewa nyumba ya namna hiyo, vyumba sita na uani mmoja, siku tukikosa tunanusa cha jirani. Nilipoelewa neno hilo moja tu wimbo ukahamia kwetu.

#34 Mjukuu wa Chifu
Nimesoma yote. Lakini kwenye bodaboda sifuti, rangi ni ghali. Na wimbo ukishatoka si wa mtunzi tena, mimi nausikia hivyo na una ukweli wake.

#35 Mwl_Kipanga
Huo ndio ugonjwa, kila mtu ausikie anavyotaka basi tufunge shule.

#36 shupaza
Mwalimu punguza, mbona wewe ulimuua mtu wa watu huko juu kwa ushahidi wa mstari mmoja.

#37 Mtoto wa Dereva
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Baadhi yenu mlinitumia PM kwamba kwa nini nisimuulize mzee mwenyewe. Mzee yupo, sikio moja limepunguza kazi lakini kichwa kizima. Jumapili nimeenda Tanga, nimemkuta barazani, nikampigia wimbo kwenye simu, nikaisogeza kwenye sikio zima. Ulipofika pale, kidole hicho kikainuka, hana hata usukani, kiko juu ya goti. Nikamwambia mzee, hapo ulikuwa unamaanisha nini? Akaniambia: "Hapo ndipo yule abiria anaposhuka." Nikamuuliza anashuka wapi? Akasema Brooklyn. "The gambler, he Brooklyn." Treni ya usiku, wamekaa wawili, mmoja anashukia Brooklyn gizani na mwingine anaendelea na safari. Yeye alikuwa anainua kidole kama anavyoinuliwa kwa konda, kuna wa kushuka.

#38 Kahawa Chungu
Nimemwaga kahawa.

#39 Konda Mstaafu
Mpe shikamoo mzee. Hiyo ishara naijua, kidole kimoja ni mmoja anashuka, viwili wawili. Mzee alikuwa kazini.

#40 NjoroNaks
Kwa hivyo hakufa. Ameshuka. Nilisema.

#41 Mwl_Kipanga
Samahani, treni ile mstari wa kwanza wanasema inaelekea "nowhere", yaani haina inakoelekea. Itapitaje Brooklyn?

#42 Lori la Ohio
Mwalimu mimi nimeendesha huku miaka tisa, isiyo na inakoelekea ndiyo inapita kila mahali.

#43 bibie_makorora
Na "kushuka" si ndiyo yaleyale? Kashuka, kalala, kafunga hesabu. Mzee kasikia vibaya kafika palepale.

#44 shupaza
Au kafika kwa sababu nyinyi mnataka afike. Mimi bado nasema tulipofikia ni whisky ya bibie post namba 8, ndiyo hoja pekee iliyo ndani ya wimbo wenyewe.

#45 Mjukuu wa Chifu
OP, muulize mzee na upande B wa ile kaseti kulikuwa na nini, maana kuna wimbo nautafuta una maneno kama "ailandi in zi strimu", nilidhani anaimba "Irene".

#46 Mtoto wa Dereva
Upande B uliliwa na redio 1989. Nitamuuliza.